Diski Haikufa

Mami,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za sweta, dawa ya mbu na watu wa kupigia ukifika Kisumu, kwa hiyo hayo namwachia yeye. Leo Jumapili mmeenda kanisani kuombewa safari, na mimi nimesema nina mafua. Sina mafua. Nilitaka nyumba iwe tupu mchana huu ili nikuandikie jambo ambalo nimekaa nalo miaka minne.

Naandika kwa kompyuta kwa sababu moja. Tangu macho yako yazime ukiwa na miaka minane, kila barua iliyokuja kwa jina lako ilipitia kwanza kwa mtu mwingine. Matokeo yako ya darasa la nane ulisomewa na karani wa kanisa, mbele ya akina mama waliokuwa wakiosha sufuria, na akasoma kwa sauti hata ile alama ya hesabu ambayo ungependa ibaki kwako. Hii hakuna atakayekusomea. Utaweka hedifoni, utaisikia peke yako, na ukichoka utaikata katikati ya neno.

Nimewasha ile sauti ya kusoma skrini hapa kwangu pia, nisikie itakitamka vipi Kiswahili changu. Inakitamka vibaya. Neno "ng'ombe" inalisema kama mtu aliyekanyaga mwiba. Vumilia.

Nitaanzia mbali kidogo. Nikianza na kosa lenyewe najijua, nitatafuta njia ya mkato.

Ulipoanza kumwaga chai mezani, nilikugombeza. Ulipoandika nje ya mistari ya daftari, nilisema ni uvivu. Ni mama yako aliyegundua kwamba ulikuwa unapapasa ukuta kwenda chooni mchana kweupe. Daktari wa macho aliuliza mbona hatukuja mapema, halafu akaniangalia usoni, akafunga faili bila kungoja jibu. Mama yako na mimi tumegombana juu ya hilo mpaka maneno yakatuishia. Nakutajia tu ujue kwamba lile jambo la diski, nitakalolifikia, halikuwa mara ya kwanza mimi kuamua ninajua kilichomo kichwani mwako bila kukuuliza.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu nilipokuletea kompyuta. Unakijua kibanda changu mjini, ghorofa ya tatu upande wa River Road, ambako Ouma na mimi tumetengeneza kompyuta za mitumba tukiwa meza kwa meza miaka yote hii. Ofisi moja ilikuwa inatupa mashine zake za zamani. Nikachukua moja, nikaifikisha nyumbani Mutuini kwa boda nikiwa nimeikumbatia. Niliiwekea Linux, ule mfumo wa bure ambao watu wa nchi mbalimbali wameuandika na kuuacha wazi, mtu yeyote aufungue ndani aone unavyofanya kazi. Sikuuchagua kwa sababu nilikuwa na akili. Niliuchagua kwa sababu programu ya kusoma skrini ilikuwa ndani yake tayari. Ya ule mfumo mwingine, wa kununua, ulio katika kila ofisi, ilihitaji leseni ambayo sikuiweza.

Nakumbuka ulivyobonyeza herufi ya kwanza, sauti ikaitaja, na wewe ukarudisha mkono kama umeungua.

"Baba, huyo ni nani?"

"Ni kompyuta."

"Mbona anaongea kama mtu ako na homa?"

Tulicheka mpaka mama yako akatoka jikoni. Ile ilikuwa siku nzuri. Nimejaribu kukumbuka nyingine kama hiyo kati yako na mimi baada ya hapo, na zipo, lakini si nyingi vile mzazi angetaka kuhesabu.

Kujifunza kuchapa kulikuchukua likizo moja. Halafu ukagundua gemu. Mimi sikujua kuna gemu zisizo na picha. Nilipita nyuma yako siku moja, skrini imezimwa kabisa, wewe umekaa wima, hedifoni masikioni, vidole vinakimbia. Nikakuuliza unafanya nini. Ukanipa hedifoni. Nikasikia mtu anatembea kwenye majani makavu upande wa kushoto, maji yanatiririka upande wa kulia, na mlango unagongwa mahali fulani nyuma ya kichwa changu. Niligeuka kuangalia. Ulicheka sana kwamba nimegeuka.

Shosho, mama yangu, ndiye aliyeelewa upesi kuliko sisi sote. Alikuwa amekuja kutoka Kinoo kukaa nasi wiki mbili, na wewe, kwa kuwa umebeba jina lake, ulikuwa hufanyi kitu bila yeye. Mlikaa wote wawili mbele ya ile skrini nyeusi, kila mmoja na sikio moja la hedifoni.

"Huyu anayetembea ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Shosho."

"Na unaenda wapi na viatu vizito hivyo?"

"Natafuta njia ya kutoka."

"Basi usiende huko kwenye maji. Sikiza, hapo kuna maji."

Mama yangu hakuwahi kushika kompyuta maisha yake yote, na kwa dakika tano alikuwa anaicheza vizuri kuliko mwanawe aliye fundi.

Lakini mimi nilikuwa na neno moja kichwani: kazi. Nilitaka uchape, ujue kuandika barua za ofisi. Kila nikikukuta na hedifoni nilisema lile neno langu, "Gemu haimpi mtu mshahara." Ulinijibu mara moja tu, ukiwa na miaka kumi na sita. Ulisema kuna gemu nzuri watu wanaoona wanacheza kwenye mfumo huo huo wa bure, lakini orodha zake hazisomeki na ile sauti, ziko kimya kabisa. Ukasema umewaandikia wanaozitengeneza kuwaeleza ni kitufe gani hakisemi na ni dirisha gani linameza sauti, na kwamba wawili wamejibu na wamerekebisha.

"Wamerekebisha kwa sababu ya mimi, Baba. Mtu mwingine haoni kama mimi, huko mbali, sasa anacheza."

Nikakuambia, "Sawa, lakini umefanya zoezi la kuchapa?"

Hilo ndilo jibu nililokupa. Nimelisikia tena mara nyingi miaka hii. Mtoto amekuja kumwambia babake kwamba amefungua mlango duniani, na babake anauliza habari ya zoezi.

Ulipomaliza kidato cha nne, wakati unangoja matokeo, ulianza kutengeneza gemu yako mwenyewe. Uliniambia kidogo tu, maana ulikuwa umeshajifunza kunificha vitu. Najua mengi kutoka kwa mama yako. Msichana anatafuta ndama aliyepotea, anatembea akiongozwa na sauti tu: mashine ya kusaga unga, kuku wa jirani, bati likipigwa na mvua. Ulizunguka Mutuini na kinasa sauti ukirekodi vyote hivyo. Mwishoni anafika kwenye lango, na langoni kuna bibi kizee anayemuuliza maswali kabla ya kumfungulia. Uliishi Kinoo wiki nzima, jikoni kwa Shosho, ukimrekodi. Alipenda mno. Aliniambia kwa simu kwamba sasa ana kazi, na kwamba mwajiri wake ni mkali, anamrudisha nyuma kila akikohoa.

Sasa nafika kwenye yangu.

Kibandani alikuja mteja mmoja, mkubwa wa ofisi, ameleta kompyuta kadhaa za kutengenezwa. Alikuwa mtu wa maneno mazuri. Nikamweleza juu yako, kwa majivuno, jinsi unavyotumia kompyuta bila kuona. Akauliza unatumia mfumo gani. Nikamwambia. Akatabasamu.

"Fundi, hapo umempoteza mtoto," akasema. "Nani atamwajiri na hiyo kitu? Hakuna ofisi inatumia. Unamfundisha lugha haiongewi na mtu."

Ouma alikuwa pale, anasikia. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyeuchagua ule mfumo, na sasa mtu wa suti ananiambia nimemfungia mwanangu nje ya dunia kwa sababu ya kutoweza leseni. Sikulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikakuambia naichukua ile mashine nikaipulizie vumbi.

Sikukuuliza. Hata sikukudokezea. Nilifikiri nitakushangaza.

Ouma aliponiona naanza kuifuta akaniuliza, "Umetoa vitu vyake?" Nikasema natoa. Na ni kweli niliangalia kwanza. Hapa ndipo nilipokuwa nikijidanganya miaka yote hii, Mami, kwamba sikujua. Nilijua. Nilifungua folda yako na nikaona faili za sauti, mamia. Majina yake yalikuwa wazi kama mchana. Kuku. Mvua. Lango-moja, lango-mbili, lango-tatu. Nikaona moja imeandikwa Shosho-anacheka. Nililisoma jina hilo. Nikafikiri: ni gemu. Nikafikiri, nikimrudishia hivi atarudi kule kule, lakini mashine ikiwa safi ataanza upya na mambo ya maana. Diski ya kuhifadhia ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Kunakili kungechukua muda wa kunywa chai.

Nikabonyeza kufuta.

Nikaweka ule mfumo wa maofisini, na juu yake programu ya kusoma skrini ya wizi, iliyovunjwa kufuli, niliyopewa na mtu kwenye ngazi. Ilikuwa inanyamaza kila baada ya dakika arobaini, na ilibidi uzime mashine na kuiwasha upya. Nilijua hilo pia. Nikasema utazoea.

Nilipokurudishia, uliiwasha ukasikiliza kwa muda mrefu. Ulitafuta kwa vidole, hapa na pale, haraka haraka, kisha polepole.

"Baba, vitu zangu ziko wapi?"

Mpaka wakati ule bado ningeweza kusema ukweli. Ungelia, ungenikasirikia, lakini ungejua uko nyumbani kwa mtu wa aina gani. Nikasema, "Diski ilikufa, Mami. Nimekuwekea nyingine."

"Ilikufa aje?"

"Diski hufa tu."

Ukaomba nikuletee hiyo iliyokufa. Kesho yake nikachukua diski mbovu kutoka kwenye sanduku la takataka pale kibandani, diski ya mtu nisiyemkumbuka, nikakupa mkononi. Uliipokea kwa mikono miwili. Ukaiweka chini ya nguo zako kwenye sanduku.

Wiki hiyo uliniomba uende Kinoo ukamrekodi Shosho upya. Nikasema kwanza maliza masomo ya kuchapa kwa mfumo mpya. Nikakuwekea saa moja kila asubuhi na saa moja kila jioni, na nikawa nakusimamia mwenyewe. Hukubisha. Wiki ya sita, shangazi yako akapiga simu kutoka Kinoo, Shosho ameanguka jikoni. Tulipofika hospitali upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Alitutambua wote. Alikushika mkono wewe kwanza. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno.

Aliishi mwaka mzima na miezi kadhaa baada ya hapo, na hakusema tena.

Siku ya kumzika, jamaa walikuwa wanatafuta chochote chenye sauti yake ili kipigwe pale uwanjani kabla ya mahubiri. Kwenye simu zetu kulikuwa na picha nyingi, na video moja ya harusi ambapo anaonekana anapiga makofi, lakini kinachosikika ni spika za muziki. Ndipo shangazi yako akakugeukia mbele yangu. "Njeri, si wewe ulikuwa unamrekodi?"

Ukasema, "Diski ilikufa, Aunty."

Ulisema bila kutetemeka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nimeshika kofia. Nikashukuru Mungu kwamba umeniamini. Nilishukuru, Mami, kwenye kaburi la mama yangu.

Wakati huo mashine ilikuwa imesharudi kwenye Linux. Uliurudisha mwenyewe, kwa masikio tu, kwa siku mbili, kwa maana ule mfumo unaweza kuongea tangu unapowekwa, na mimi fundi wa miaka ishirini sikuwa najua hilo. Nilirudi kutoka mjini nikasikia ile sauti ya homa kutoka chumbani. Nilipandisha sauti. Nikasema gemu zitakumaliza. Ulisimama, ukasema kwa upole, "Baba, hii nimeweka mwenyewe," ukarudi kukaa. Tangu siku ile tumeishi kama wapangaji wawili wenye adabu. "Umeamkaje, Baba." "Salama, Mami." Chakula kikapita kati yetu. Nilidhani umekuwa mtu mzima, na kwamba watu wazima huwa kimya.

Uliendelea na gemu yako ukaimaliza bila mimi kujua. Nilisikia kutoka kwa mama yako kwamba inachezwa na watu wasioona huko na huko, na wengine wanaoona wanaicheza wakiwa wamefumba macho. Nilisikia pia kwamba unapofika langoni hakuna anayekuuliza swali. Linafunguka kimya. Mama yako alisema wachezaji wanakuandikia kwamba kimya hicho kimewagusa, kwamba umekibuni kwa ustadi. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Sasa hiki kituo cha Kisumu kimekuita ukawafundishe wasioona kutumia kompyuta. Umeniambia mashine zao zote zina ule mfumo wa bure, kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi niuchague zamani. Nimemfikiria yule mkubwa wa ofisi. Ningependa kumlaumu. Lakini yeye alisema sentensi chache na akaenda zake. Aliyebonyeza ni mimi.

Juma lililopita Ouma ndiye aliyeniambia. Nilikuwa namsimulia habari ya safari yako, nikasema kwa masikitiko kwamba ingekuwa furaha kamili kama ile diski isingekufa. Ouma akaweka bisibisi chini.

"Mzee, mpaka lini?" akasema. "Huyo msichana alijua kitambo. Aliniletea ile diski yako ya takataka akiomba nijaribu kutoa sauti. Nikaona hiyo si yake. Ningemwambia nini? Nilimwambia ukweli. Nikamwambia alete mashine yenyewe haraka, na isitumike kwa kitu chochote, kwa sababu kilichofutwa hukaa mle ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Aliileta siku moja ukiwa kwa wateja, akairudisha kabla ya jioni. Lakini ilikuwa imetumika wiki nne."

Wiki nne. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, mimi nimesimama nyuma ya kiti chako nakuhimiza uchape. Kila ukurasa wa zoezi nililokulazimisha uliandikwa juu ya sauti ya mama yangu. Hata nilichokifuta kingeweza kuokolewa, na mimi ndiye niliyesimamia kimalizike, kwa ratiba.

"Aliniambia nisikuambie kwamba anajua," Ouma akasema. "Nimechoka kunyamaza."

Unakumbuka Alhamisi tulienda Adams Arcade kukununulia begi. Tulikuwa tumesimama nje ya duka, begi limeshalipiwa, unajaribu zipu zake moja moja. Watu wanapita wakitusukuma. Nilichagua mahali pale makusudi, nadhani, ili nisipate nafasi ya kulia wala wewe ya kunipigia kelele.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?" nikakuuliza.

Hukuuliza ni kujua nini. Uliendelea na zipu.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Miaka minne?"

"Nilifikiri ni wiki moja," ukasema. "Halafu Shosho akawa mgonjwa, nikafikiri utaniambia hospitali. Halafu mazishi. Pale kwa mazishi nilikupea nafasi kabisa. Nilisema ile maneno yako nikangoja. Ungesema tu, 'Hapana, si hivyo.' Baadaye nikaacha kungoja, nikazoea tu."

Nikasema samahani. Ukasema, "Sawa, Baba." Ni ile "sawa" unayompa mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Tukaenda kupanda gari. Hukunishika mkono, ulitumia fimbo yako.

Nimekaa siku tatu nikijaribu kufikiri ni nini ninachoweza kukupa uende nacho, na kusema kweli ni kidogo. Uongo wangu haukuwa mkubwa siku ya kwanza. Ungetosha kwenye kiganja. Nilichokosea zaidi ni kuulisha kila siku kwa kunyamaza, mpaka ukawa mkubwa kuliko nyumba, na wewe ukawa unauzunguka kwa adabu kama kabati lililowekwa mahali pabaya. Nilikuwa nasema nakulinda usiumie. Uliumia siku nyingine na mahali pengine, nami sikuwepo.

Huko uendako utakutana na watu wa aina yangu. Watakuwa na huruma nyingi. Watakutengenezea vitu bila kukuuliza, watakuhamishia vitu vyako mahali panapofaa zaidi kwa maoni yao, na watashangaa ukikasirika. Usiwe mpole kwao kama ulivyokuwa kwangu. Wakatalie siku hiyo hiyo. Upole wako ulinipa mimi miaka minne ya kulala usingizi ambao sikustahili.

Na kuna lingine, ambalo nalisema nikiogopa kuwa nakuhubiria. Kesho kutwa utakuwa wewe ndiye fundi. Atakuja kijana na mashine yake, amejaza vitu usivyovielewa, vya kipuuzi kwa masikio yako, na wewe utakuwa na haraka na utakuwa unajua kinachomfaa. Utakuwa unajua kweli, pengine. Mimi pia nilikuwa najua. Muulize tu, "Hivi ni nini?" Halafu kaa chini usikie mpaka amalize. Sikuwahi kukaa chini, Mami. Nikihesabu dakika zote nilizowahi kuvaa zile hedifoni zako hazifiki tano.

Usidhani naandika haya ili nijisikie mwepesi. Nilitegemea nitakuwa mwepesi kufikia ukurasa huu, na sivyo. Mama yangu hayuko, sauti yake sikumbuki vizuri, na mtu pekee aliyekuwa ameihifadhi ni mtoto ambaye mimi nilimwita mcheza gemu. Najaribu kumsikia akilini na ninachopata ni maneno yake yakisemwa na mimi. Hilo siwezi kukulipa wewe wala kujilipa. Mama yako bado hajui. Nitamwambia kesho ukishaondoka, mimi mwenyewe, asije akalisikia kutoka kwa Ouma. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kufanya analotaka.

Kuhusu kesho asubuhi, nimesikia umemwomba mama yako ndiye akusindikize mpaka kwenye basi. Alijaribu kunieleza kwa njia ya kuzunguka, kwamba mimi nina kazi mjini. Mwambie asihangaike kunitungia sababu. Nimeelewa. Nitakuaga hapa mlangoni.

Nilikuwa nataka nimalizie hapo. Lakini mmerudi kutoka kanisani, na wewe umesikia vidole vyangu kwenye kibodi ukasimama mlangoni mwa chumba.

"Baba, unaandika nini Jumapili?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

Mama yako alikuwa akiwasha jiko, akakuita uje umsaidie kukunja nguo, hukuitika.

"Umeandika ile kitu?" ukauliza.

"Nimeandika. Yote. Hata kwamba niliona majina ya faili kabla ya kufuta."

Hilo ulikuwa hulijui. Niliona mkono wako ukitafuta fremu ya mlango. Nikangoja unipigie kelele, na nilitamani unipigie.

"Uliona ya Shosho?"

"Niliona."

Ukaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya. Kisha ukasema niiweke barua kwenye flashi, utaibeba.

"Utaisoma?" nikauliza.

"Sijui, Baba. Siwezi kukuambia ndiyo."

Halafu ukaenda kukunja nguo. Ni jibu la kweli, Mami, na katika nyumba hii si mimi niliyekufundisha kusema kweli. Ulijifunzia penginepo. Nenda nalo.

Baba yako